Jumapili Nilishinda Nyumbani

"On Sunday I conquered at home."

Sentensi hiyo iliandikwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, kwa mwandiko mzuri tu, kwenye daftari nililokuwa nasahihisha wakati wa mazoezi yetu ya kufundisha mwaka jana. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nikaipeleka ofisi ya walimu, nao wakacheka, mmoja akaipiga picha kabisa. Mtoto alitaka kusema kwamba Jumapili alishinda nyumbani. Akafungua kamusi yake ndogo, akatafuta "shinda", akakuta "conquer", akalibandika. Huko nyumbani alimshinda nani, hakusema.

Kicheko kiliisha siku mbili baadaye. Nilikuwa nimeandaa kipindi kizima cha msamiati ili makosa kama yale yasijirudie. Upande wa kushoto wa ubao nikaandika maneno saba: conquer, defeat, overcome, subdue, suppress, control, restrain. Upande wa kulia nikaweka Kiswahili chake: kushinda, kushinda, kushinda, kutiisha, kukandamiza, kudhibiti, kuzuia. Wakawa wananakili kimya. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Madam, kama matatu yote ni kushinda, Waingereza waliyataka ya nini yote hayo?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa katika wiki zote za TP. Nikamjibu, "Hivyo ni visawe, nakili."

Hakuridhika. Mwenzake akadakia kwamba "defeat" ni la mpira na "conquer" ni la vita. Mwingine akasema wapi, Simba anaweza kumfanyia Yanga lolote kati ya hayo saba. Darasa likalipuka, kwa Kiswahili, na supavaiza wangu alikuwa amekaa dawati la mwisho na fomu yake mapajani. Kwenye ile fomu kuna sehemu ya "class control". Alama niliyopata hapo sitaitaja, ila maelezo yake kwa ufupi yalikuwa kwamba darasa lilinishinda. Yaani kushinda tena.

Sina ugomvi na supavaiza, alifanya kazi yake na fomu hakuitunga yeye. Ugomvi wangu ni na namna sisi tunaosomea ualimu tunavyoyabeba maneno haya. Tunafundishwa Kiingereza cha kushinda, kutawala na kuzuia kana kwamba tunatajiwa vyombo vya jikoni, huu mwiko, hili sufuria, na tunawapa watoto vivyo hivyo. Wakati maneno yenyewe yaliwahi kutumika juu ya babu zetu, mengine kwenye sheria, mengine kwenye matangazo ya serikali, na mengine bado tunayatumia juu ya watoto wa watu kila siku ya Jumatatu mpaka Ijumaa.

Nilivyorudi chuo, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda maktaba kutafuta jibu la yule kijana. Nilianza na "control", maana ndilo lililoniuma.

Kumbe neno lile lilizaliwa kwenye daftari. Zamani karani wa mfalme aliandika hesabu kwenye karatasi ndefu ya kukunja, na karani wa pili akawa na nakala yake ya hesabu hizo hizo. Nakala hiyo ya pili, ya kulinganishia, kwa Kifaransa cha wakati ule ndiyo iliyotoa neno hili. Kazi yake ilikuwa kumbana mwenye kushika fedha asiibe. Maana hiyo ya kwanza haijafa: bado tunayo kwenye cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yule ambaye ripoti yake tunaisubiri kila mwaka tukiwa na popcorn. Sasa angalia neno lilivyogeuka. Lilianza kama chombo cha kumkagua mkubwa mwenye sanduku la hela, likaishia kuwa chombo cha kumnyamazisha mtoto wa miaka 15 aliyeuliza swali. Kama tungelifuata kwa maana yake ya asili, "class control" ingekuwa wanafunzi kushika daftari la pili na kulinganisha na la mwalimu. Wangeandika: madam ameulizwa swali, madam hajajibu.

Nikasonga kwenye "restrain". Hili lilitoka kwenye Kilatini cha kufunga kitu na kukivuta nyuma, kama unavyofunga mbuzi kamba akataka kukimbia ikamrudisha. Lina ndugu wengi. Mmoja wao unamjua vizuri mno na hukumdhania: "district". Ukoo ni ule ule, kubana na kuzuia. Ulaya ya zama za kati, eneo hilo lilikuwa ni eneo ambalo bwana fulani alikuwa na haki ya kukamata na kulazimisha watu. Sisi tuliletewa na Mwingereza pamoja na District Commissioner wake, tukasema "wilaya", neno la Kiarabu lenye sura ya heshima zaidi, la mamlaka na uangalizi. Lakini mizizi ina ukaidi wake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kushikiliwa hadi saa 48. Karani wa Ulaya ya karne ya 13 angeelewa sheria hiyo bila mkalimani.

"Subjugate" sikuwa nimeliandika ubaoni, nilikutana nalo njiani. Ni "chini ya nira". Warumi walikuwa wakishinda jeshi, wanasimamisha mikuki miwili, wa tatu wanaulaza juu, halafu askari walioshindwa wanapita chini wameinama bila silaha. Mwaka 321 kabla ya Kristo walifanyiwa wao wenyewe, na Wasamni, na hawakuisahau aibu ile. Kiswahili hakihitaji kuazima hapa. Tuna neno kongwa, na simaanishi wilaya ya Dodoma. Ni ule mti wenye panda uliofungwa shingoni mwa mtumwa njiani kuja pwani. Kila ninapokutana na mtu anayesema Kiswahili hakina maneno mazito, namkumbusha hilo moja tu.

Basi, jibu la swali la yule kijana. Kwa nini maneno yote hayo? Kwa sababu Waingereza nao walishindwa. Mwaka 1066 William wa Normandy alivuka bahari, akawapiga Hastings, akagawa ardhi kwa watu wake, na kwa karne kadhaa wakubwa wa nchi ile walisema Kifaransa huku wakulima wakisema Kiingereza. Mfalme waliendelea kumwita kwa neno lao, "king". Ila serikali, hakimu, kukamata, gereza, yote yakaja na wageni: "government", "judge", "arrest", "prison". Katika maneno yangu saba ya ubaoni, ni moja tu, "overcome", ambalo wazee wao walikuwa nalo kabla ya meli za William. Mengine sita yana asili ya Kilatini, mengi yakipitia Kifaransa. Hata "conquer" lenyewe, kwa asili, lilimaanisha kutafuta, kujipatia kwa juhudi. Mshindi anasema alikuwa anatafuta. Aliyeshindwa hana la kusema, kwa hiyo neno linalobaki ni la mshindi.

Hii sehemu naipenda kuliko zote, kwa hiyo mnivumilie. Mwaka 1362, miaka karibu 300 baada ya Hastings, bunge lao lilipitisha sheria kwamba mashauri mahakamani yaendeshwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu walikuwa wanahukumiwa kwa Kifaransa wasichokielewa. Sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa! Sisi tulipata uhuru 1961, na mwaka 2021 ndipo Bunge letu lilipobadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Miaka 60. Tumewazidi mbio, tujipongeze. Halafu turudi darasani, ambako mtoto aliyesoma darasa la kwanza mpaka la saba kwa Kiswahili anaingia kidato cha kwanza na kuambiwa kuanzia leo fizikia, jiografia na hata historia ya babu yake ni kwa Kiingereza.

Historia ya babu yake. Hapo ndipo nilipoacha kuona jambo hili kama mchezo wa kamusi.

Chukua "protectorate". Mwanafunzi anakariri kwamba Zanzibar ilikuwa "British protectorate" kuanzia 1890, anaandika kwenye mtihani, anapata alama yake. Neno linatokana na ulinzi. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri bila kibali cha Waingereza. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili hivi meli zikaanza kupiga mizinga. Haikufika saa nzima kasri likawa kifusi, na watu wapatao 500 upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili, baharia mmoja alijeruhiwa. Khalid akakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Huo ndio ulinzi. Mlinzi gani anampiga mizinga anayemlinda? Swali hilo sijawahi kuliona kwenye karatasi ya mtihani, na nina uhakika wale watoto wa kidato cha pili wangelijibu vizuri sana, ilimradi uwaruhusu kulijibu kwa lugha wanayofikiria nayo.

Bara nako, Tanganyika baada ya Wajerumani ikawa "mandate", neno la kukabidhiwa kitu mkononi, halafu kuanzia 1946 ikawa "trust territory", neno la amana. Anayekabidhi ni Ulaya, anayekabidhiwa ni Ulaya, sisi ndio mzigo wenyewe.

Lakini mfano mbaya kuliko yote uko kwa jirani zetu. Kenya, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau. Soma msamiati wa miaka ile. Watu walikamatwa na kuhojiwa, mara nyingi kwa mateso, na shughuli hiyo iliitwa "screening", kama vile unga unapita kwenye chekeche. Makambi ya kizuizini yalikuwa na kazi ya "rehabilitation", neno la hospitali, la kumrudishia mtu afya. Tarehe 3 Machi 1959 kwenye kambi ya Hola wafungwa 11 walipigwa mpaka kufa kwa sababu walikataa kufanya kazi waliyolazimishwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Maji! Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Kitenzi cha kupiga kilikuwa kimeondolewa, kikawekwa cha kunywa.

Wazee waliosalia waliishtaki serikali ya Uingereza, na mwaka 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni kwao akasema serikali ina "regret". Hakutumia neno la kuomba msamaha. Mwalimu akikuuliza tofauti ya maneno hayo mawili ukasema ni visawe, nakili, umemkosesha mtoto kitu ambacho mawakili wa serikali walikaa wakakipima kwa mizani ya dhahabu.

Nilipoyatoa haya kwenye diskasheni yetu, rafiki yangu mmoja, mtu wa isimu, alinibana vizuri. Alisema asili ya neno si maana yake. Hakuna Mwingereza anayefikiria hatamu ya farasi akisema "curb", na wewe ukisema "curfew" hufikirii amri ya zamani ya kufunika moto jikoni usiku, ingawa ndiko lilikotoka. Neno ni matumizi. Akaongeza, kwa kebehi, kwamba kama nataka kuogopa maneno kwa sababu ya ukoo wao, nianze na "mwalimu", nione nitakomea wapi.

Ana haki kwa sehemu kubwa. Neno halirithi dhambi za bibi yake. Ila mimi sisemi watoto waliogope "control". Ninachosema ni kwamba mwenye nguvu huwa na nafasi ya kuchagua neno, na akichagua kila mara huchagua lile lenye ncha butu. Kiingereza kina "quell", ambalo zamani lilikuwa kuua, kuua kabisa, na leo ni kutuliza. Hilo halikuja kwa bahati tu. Neno la damu likitumiwa muda mrefu na wenye kutoa taarifa, linaoshwa.

Na hapa sasa naomba tusijione watakatifu. Kiswahili kimejifunza mchezo huo huo. Tuna kikosi cha polisi kinachoitwa cha Kutuliza Ghasia. Aliyewahi kutulizwa na kikosi hicho, na baadhi yenu humu mmetulizwa, anajua kwamba kutuliza kule hakufanani na kwa mama anayembembeleza mtoto. Kuna "chama kushika hatamu", msemo ambao wazazi wetu waliusikia redioni miaka mingi. Hatamu ni kamba za kumwongozea farasi. Sasa kama chama ndicho kilichoshika hatamu, farasi alikuwa nani? Naona tuliimba tu. Hata "kutiisha", neno nililoliandika ubaoni kwa mbwembwe, ni kumfanya mtu atii, na sikumwambia mwanafunzi yeyote kwamba njia ya kumfanya atii imeachwa wazi ndani ya neno lenyewe.

Shuleni ndiko tunakoongoza. Kanuni za viboko za mwaka 1979 zipo, na mwongozo ni kwamba visizidi vinne na vitolewe kwa kibali cha mkuu wa shule. Kwa Kiingereza cha kiofisi kiboko hakichapwi, kina-"administer"-iwa, sawa na panadol. Nilipokuwa TP nilimwona mwalimu akitembea na fimbo akiiita "class control". Aliitaja hivyo kwa utani, na mimi nilitabasamu kwa sababu nilikuwa mgeni. Siku ile ya kelele, mwalimu mwingine aliniambia kwa upole kabisa, kama dada anavyomwambia mdogo wake, kwamba ningeingia na fimbo ningepata alama nzuri. Ninaamini alikuwa sahihi. Fomu haina mahali pa kuandika umeipataje hiyo "control".

Ndiyo maana nasema kosa la yule mtoto wa "I conquered at home" ni dogo kuliko langu. Yeye alichukua neno moja la Kiswahili lenye maana mbili akaliletea la Kiingereza lenye maana moja. Tena Kiswahili chake kilikuwa na utu zaidi, maana kwetu kushinda ni pamoja na kumaliza siku salama. Umeshindaje? Nimeshinda salama. Hakuna aliyepigwa. Mimi nilichukua maneno saba yenye historia saba nikayafanya kitu kimoja, nikamnyamazisha aliyeuliza, na nikatarajia alama.

Kwa walio mwaka wa pili mnaojiandaa kwenda TP Julai, na kwa idara kama inasoma jarida hili, nina mambo mawili tu. Kwanza kile kisanduku kwenye fomu. Kiitwe jina linaloeleza kinachotakiwa: wanafunzi wanasikilizana? Wanajua wafanye nini? Mwalimu anajibu wanachouliza? Supavaiza akiona kelele aandike kelele za nini. Pili, kozi yetu ya mbinu za kufundishia Kiingereza itenge hata wiki mbili za maneno na walikotoka, na ruhusa ya kuyajadili kwa Kiswahili ndani ya kipindi cha Kiingereza bila mtu kuvishwa kibao shingoni. Wapo watakaosema muda hautoshi, silabasi ni ndefu. Ni ndefu kweli. Lakini tunapata muda wa kukaririsha orodha za visawe ambazo mtoto anazisahau kabla bumu halijaisha.

Mimi nimeshatengeneza andalio langu la somo la Julai. Maneno yamepungua, yamebaki manne. "Protectorate" lina Zanzibar na saa tatu asubuhi. "Regret" lina Hola. "Conquer" litaanza na mtoto aliyeshinda nyumbani Jumapili, sitamtaja jina wala shule. Na "control" nitalifundishia daftari la mahudhurio, nitalinyanyua wote walione, kisha nitamwomba mmoja wao aje na daftari lake tulinganishe. Kipindi ni dakika 40. Hakitatosha, na kelele zitakuwepo.